Nchi zilizopotea katika atlasi ya babu

JUMAMOSI iliyopita niliaibika mbele ya watoto wangu mwenyewe, na aibu hiyo ndiyo iliyozaa makala ya leo.

Stima zilikuwa zimepotea mtaani tangu saa nane. Runinga ilikuwa kimya na simu zote zimeisha chaji. Kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka 13 ambaye kichwa chake kimejaa kandanda, alikuwa akibishana na dadake wa miaka 10 kuhusu Luka Modrić, yule kiungo mashuhuri wa Croatia. Binti alishikilia kwamba hakuna nchi yenye jina kama hilo. Ili kumkomesha, kakake akaenda rafuni akatoa atlasi kuukuu ya babu yao, iliyopigwa chapa miaka ya 1980. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na alinipa kitabu hicho nilipojiunga na shule ya upili.

Wakapekua kurasa za Ulaya. Croatia hakuna. Binti akashangilia kama aliyefunga bao.

"Mama, hebu njoo uamue!"

Nilikuwa jikoni nikikaanga vitunguu. "Hiyo atlasi ni ya zamani," nikajibu. "Wakati huo Croatia ilikuwa ndani ya Yugoslavia." Hapo nilikuwa sawa, na laiti ningenyamaza ningelala na heshima yangu. Lakini kijana akauliza, "Na Slovakia? Na Slovenia? Mbona nazo hazipo?" Nami, bila hata kugeuka, nikasema kwamba hizo ni nchi moja, ni matamshi tu yanayotofautiana.

Kimya kidogo. Kisha nikasikia ile sauti ya upole ambayo watoto huitumia wanapomhurumia mzazi: "Lakini mama, Uingereza ilicheza na zote mbili kwenye Euro 2024."

Ni kweli ilicheza nazo. Slovenia ilitoka Yugoslavia mwaka 1991. Slovakia ilitoka Czechoslovakia mwaka 1993. Ni nchi mbili, zenye miji mikuu miwili, Ljubljana na Bratislava, na wala hazipakani. Mimi ninayelipwa kuandika gazetini nilikuwa nimezichanganya kama mtu anayechanganya Guinea na Guyana.

Msomaji mpendwa, sidhani kama niko peke yangu. Sisi wazazi wa umri wangu tulisoma kwa vitabu ambavyo vilikuwa vimezeeka kabla hatujavifungua. Sasa watoto wanasikia Ukraine, Kosovo na Moldova kwenye taarifa za habari, wanatugeukia, na sisi tunajibu kwa kubahatisha. Wiki nzima nimejaribu kuirekebisha nyumba yangu, na leo nawagawia niliyojifunza.

BABU NA PENSELI YAKE

Jioni ile, simu ilipopata chaji kwa jirani mwenye betri ya sola, nilimpigia baba. Alicheka hadi akakohoa.

"Binti yangu, fungua ukurasa wa Yugoslavia. Angalia vizuri."

Tulisogeza mshumaa. Kweli, juu ya ile rangi moja iliyofunika nchi nzima palikuwa na mistari myembamba ya penseli, mingine imefutwa na kuchorwa upya. Baba alieleza kwamba mwaka 1992 shule yake haikuwa na pesa za kununua atlasi mpya. Kila jioni alisikiliza redio, na asubuhi akasahihisha ramani kabla ya kuingia darasani.

"Kwa nini hukutumia kalamu ya wino, babu?" binti akauliza.

"Redio ilikuwa inanibadilishia kila wiki. Kwa wino ningeutoboa ukurasa."

Hilo ndilo somo la kwanza ambalo mtoto anapaswa kulipata, kabla ya majina na miji mikuu. Milima na mito iliwekwa na Mungu, lakini mipaka imechorwa na watu. Ramani ya siasa ni kama picha ya familia iliyopigwa siku fulani. Wapo waliozaliwa baadaye, wapo waliooana, wapo waliotengana na wapo waliokufa. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mara unapomfungulia mtoto atlasi ni hili: picha hii ilipigwa lini?

ANZENI NA HESABU

Kosa la pili la wazazi na walimu wengi ni kumpa mtoto orodha aikariri. Nchi 15 zilizotoka Muungano wa Sovieti zikikaririwa kama jedwali la kuzidisha, zitapotea kichwani kabla ya Jumatatu. Sisi tulianza na vipande vya karatasi.

Katikati ya mwaka 1989 kulikuwa na nchi tisa za Ulaya zilizotawaliwa na vyama vya kikomunisti: Muungano wa Sovieti, Poland, Ujerumani Mashariki, Czechoslovakia, Hungary, Romania, Bulgaria, Yugoslavia na Albania. Andika kila jina kwenye kipande chake na uvipange mezani. Kisha mwambie mtoto avishughulikie kimoja kimoja.

Poland, Hungary, Romania, Bulgaria na Albania viacheni palepale. Serikali zilibadilika, mipaka haikubadilika. Ujerumani Mashariki kiondoeni mezani, kwa maana Oktoba 3, 1990 iliungana na Ujerumani Magharibi. Czechoslovakia kikateni mara mbili. Yugoslavia kikateni mara sita: Slovenia, Croatia, Bosnia na Herzegovina, Serbia, Montenegro na Macedonia, ambayo tangu 2019 huitwa Macedonia Kaskazini baada ya kumaliza mzozo wa jina na jirani yake Ugiriki.

Muungano wa Sovieti ndio wenye kazi. Badala ya kukariri 15 kwa mkupuo, vigaweni katika mafungu. Tatu ziko kando ya Bahari ya Baltiki: Estonia, Latvia na Lithuania, ambazo zinajipanga kialfabeti kutoka kaskazini hadi kusini. Nne ziko upande wa Ulaya: Urusi, Ukraine, Belarus na Moldova, ingawa Urusi inaenea hadi Bahari ya Pasifiki. Tatu ziko katika milima ya Kaukasi: Georgia, Armenia na Azerbaijan. Tano ziko Asia ya Kati: Kazakhstan, Uzbekistan, Turkmenistan, Kyrgyzstan na Tajikistan. Tatu, nne, tatu, tano. Binti yangu aliishika kwa dakika kumi, akawa anaiimba akiruka kamba.

Sasa hesabuni vilivyo mezani. Tisa zimekuwa 28. Ukiongeza Kosovo, ambayo nitairudia hapa chini, ni 29.

Baada ya hapo tulicheza mchezo ambao naupendekeza kwa kila nyumba. Mwulize mtoto: majirani wa Poland mwaka 1989 walikuwa nani? Walikuwa watatu tu: Ujerumani Mashariki, Czechoslovakia na Muungano wa Sovieti. Kufikia Januari 1, 1993, wote watatu hawakuwepo tena duniani. Poland haikusogea hata inchi moja, lakini ikajikuta na majirani saba: Ujerumani, Jamhuri ya Czech, Slovakia, Ukraine, Belarus, Lithuania na Urusi.

"Urusi?" kijana akabisha. "Urusi iko mbali!" Nikamwonyesha Kaliningrad, kipande cha Urusi kilichobanwa baina ya Poland na Lithuania, kando ya bahari, kikiwa kimetengana na nchi yake kama chumba cha nje. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili mji huo ulikuwa wa Ujerumani na uliitwa Königsberg. Aliukodolea macho kwa muda mrefu. Ndipo nilipojua kwamba somo limeanza kuingia.

SI WOTE NI WARUSI

Kuna makosa mawili ambayo lazima yang'olewe mapema. La kwanza ni kuwaita watu wote wa huko Warusi. Mkenya akiitwa Mtanzania hukasirika, ingawa anawapenda Watanzania. Vivyo hivyo Mlithuania au Mgeorgia ana lugha yake, chakula chake na kumbukumbu zake.

La pili ni kudhani kwamba Ulaya ya Mashariki yote ilikuwa Muungano wa Sovieti. Poland na Hungary zilikuwa chini ya kivuli cha Moscow, lakini zilikuwa nchi kamili zenye viti vyao katika Umoja wa Mataifa. Yugoslavia, chini ya Josip Broz Tito, ilikosana na Stalin mwaka 1948 na ikafuata njia yake. Haikujiunga kamwe na Mkataba wa Warsaw, ule muungano wa kijeshi wa wakomunisti ulioundwa mwaka 1955.

Wapo wazee wetu hapa Kenya waliosomea Moscow, Prague na Belgrade tangu miaka ya 1960. Kama mtaani mwenu yuko mmoja, mwombeni awaonyeshe cheti chake. Huenda kimeandikwa jina la nchi ambayo haipo tena. Mtoto akiona jambo hilo kwa macho yake hatalisahau.

NJIA TATU ZA KUGAWANA BOMA

Mwanangu aliniuliza swali ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: nchi inavunjikaje? Nilimjibu kwa mfano anaoufahamu. Mzee anapofariki, boma hugawanywa. Yako maboma ambayo ndugu huketi, hupima mashamba, husalimiana na kuendelea kualikana Krismasi. Yako mengine ambayo mapanga hutolewa kabla matanga hayajaisha.

Czechoslovakia ndiyo iliyogawana kwa amani. Baada ya wakomunisti kuondoka madarakani mwishoni mwa 1989 bila umwagaji wa damu, viongozi wa Wacheki na Waslovakia walishindwa kukubaliana jinsi ya kuendesha nchi moja. Mwaka 1992 Václav Klaus na Vladimír Mečiar waliketi wakaamua kutengana. Wananchi hawakupigiwa kura ya maamuzi, na hilo lililalamikiwa. Mali iligawanywa mafungu mawili kwa Wacheki na moja kwa Waslovakia, kwa kuwa Wacheki walikuwa mara mbili kwa idadi. Wimbo wa taifa ulikuwa na sehemu mbili, moja ya Kicheki na nyingine ya Kislovakia, kwa hiyo kila mmoja alichukua yake akaenda nayo. Ugomvi ulibaki kwenye bendera. Walikuwa wameafikiana kwamba hakuna atakayetumia alama za nchi ya zamani, lakini Wacheki wakaishikilia bendera ileile hadi leo. Watoto wangu walicheka, maana wanajua ugomvi wa kugombea kikombe kimoja.

Ujerumani ilikwenda kinyume: ndugu waliotenganishwa walirudiana. Ukuta wa Berlin ulijengwa kuanzia Agosti 13, 1961 ili kuwazuia watu wa mashariki wasitorokee magharibi. Jioni ya Novemba 9, 1989, msemaji wa chama tawala, Günter Schabowski, alitangaza mbele ya wanahabari kwamba watu wataruhusiwa kusafiri. Alipoulizwa ni lini, alipekua karatasi zake akasema kwamba, kadiri anavyojua, ni mara moja. Haikuwa imepangwa hivyo. Maelfu ya watu walikimbilia malangoni, walinzi hawakuwa na amri yoyote, na usiku huohuo malango yakafunguliwa. Kijana alitaka nimrudie kisa hicho mara mbili.

Muungano wa Sovieti ulivunjika kwa njia ya tatu iliyo kati na kati. Agosti 23, 1989 watu wapatao milioni mbili wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono wakafanya mnyororo wa zaidi ya kilomita 600, kutoka Tallinn kupitia Riga hadi Vilnius. Lithuania ilijitangazia uhuru Machi 11, 1990. Desemba 1, 1991 zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura Ukraine waliunga mkono uhuru. Wiki moja baadaye viongozi wa Urusi, Ukraine na Belarus walikutana katika msitu wa Belovezha wakatamka kwamba muungano umekwisha. Mikhail Gorbachev alijiuzulu Desemba 25, na kesho yake nchi iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani ikafungwa rasmi kama duka. Sehemu kubwa ilipita bila vita, lakini si yote. Damu ilimwagika Moldova, Georgia na Tajikistan, na vilevile baina ya Armenia na Azerbaijan.

HALAFU KUNA YUGOSLAVIA

Hapa ndipo mzazi hutamani kufunga atlasi akarudi jikoni. Nilitamani hivyo. Lakini kijana alikuwa ameanza na Modrić, na kisa cha Modrić hakipitiki bila vita. Alizaliwa Zadar mwaka 1985, wakati mji huo ulikuwa Yugoslavia. Alipokuwa na miaka sita babu yake aliuawa, na familia ikaishi kama wakimbizi hotelini. Watoto hawa wanaovaa jezi yenye jina lake wanastahili kujua.

Tulianza na kandanda. Mwaka 1992 timu ya Yugoslavia ilikuwa imeshafika Sweden kwa fainali za Ulaya ilipofungiwa nje kwa sababu ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Denmark iliitwa dakika za mwisho kujaza nafasi, ikatwaa kombe. "Kwa hivyo Denmark ilishinda kwa sababu ya vita?" Ndiyo, kwa namna fulani. Vita hugusa hata mpira.

Kisha nikaeleza kwa ufupi. Tito alifariki Mei 4, 1980. Madeni na bei za bidhaa zilipanda. Wanasiasa kama Slobodan Milošević wa Serbia waligundua kwamba hofu ya kikabila inavuta watu kuliko ahadi ya kazi. Slovenia na Croatia zilijitoa Juni 25, 1991. Bosnia ilifuata mwaka 1992, na huko ndiko mambo yalikoharibika kabisa, kwa sababu watu wake walikuwa wamechanganyika: Waislamu, Waserbia wa dhehebu la Orthodoksi na Wakroatia Wakatoliki. Waliishi orofa moja, walioana, na walizungumza lugha inayoeleweka na wote.

Sarajevo iliandaa Olimpiki ya majira ya baridi Februari 1984. Miaka minane baadaye mji huo ukazingirwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia kwa karibu miaka minne, watu zaidi ya 10,000 wakafa, na viwanja vya michezo vikageuzwa makaburi. Mnamo Julai 1995 wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 Waislamu waliuawa Srebrenica. Katika Bosnia nzima, vita vilivyomalizika kwa mkataba wa Dayton mwaka 1995 viliua watu wapatao 100,000. Wanajeshi wa Kenya walikuwa miongoni mwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotumwa Croatia miaka hiyo. Milošević alifia kizuizini The Hague mwaka 2006 kabla ya hukumu. Radovan Karadžić na Ratko Mladić walifungwa maisha na mahakama maalumu ya Umoja wa Mataifa, ambayo ni tofauti na ile ICC tuliyoizoea Wakenya.

Kwa binti wa miaka 10 sikutaja idadi. Nilimwambia kwamba watu wengi walikufa na kwamba waliofanya hivyo walishtakiwa. Kakake alipewa zaidi. Kila mzazi ampime mwanawe, lakini asimdanganye.

Binti ndiye aliyeuliza lililonikaba koo. "Mama, hao majirani hawakuwa wanajuana?"

Nilikuwa msichana wa shule ya upili mapema mwaka 2008, tulipolala siku tisa katika uwanja wa kanisa kwa sababu nyumba yetu ilikuwa imechomwa. Waliotufukuza walikuwa majirani. Aliyekuja usiku kutuonya tutoke pia alikuwa jirani, wa kabila lilelile la waliotufukuza. Sijapata kuwaambia watoto wangu habari hizi. Siku hiyo niliwaambia, pale mezani, vipande vya karatasi vikiwa bado vimetapakaa.

"Walijuana," nikasema. "Walijuana vizuri sana. Ndiyo maana tunasoma haya."

BIBI ALIYEISHI NCHI TANO

Baada ya hapo tulihitaji kupumua. Nikawapa kitendawili ambacho watu wa mpakani mwa Ukraine hukitania wenyewe. Bibi mmoja alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Uzhhorod na hakuhama maisha yake yote. Aliishi katika nchi ngapi?

Alizaliwa katika dola ya Austria na Hungary. Akiwa msichana mdogo mji ukawa Czechoslovakia. Mwaka 1938 ukachukuliwa na Hungary. Baada ya vita ukawa Muungano wa Sovieti. Mwaka 1991, akiwa na miaka 81, akaamka raia wa Ukraine. Nchi tano, kisima kimoja.

Mpe mtoto wako fumbo hili halafu umwambie aandike barua ambayo bibi huyo angemwandikia mjukuu. Binti yangu aliandika kwamba bibi alichoka kubadilisha picha ya mkubwa ukutani. Sijui darasa la shule lingempa alama ngapi. Mimi nilimpa zote.

MISTARI AMBAYO BADO NI YA PENSELI

Yako maswali ambayo mzazi hapaswi kuyajibu kana kwamba yamekwisha. Kosovo ilikuwa mkoa wa Serbia wenye wakazi wengi wa asili ya Albania. Ilijitangazia uhuru Februari 17, 2008. Nchi nyingi zimeitambua, na Kenya ilifanya hivyo Machi 26, 2025. Serbia na Urusi zimekataa. Kwa hiyo atlasi iliyochapishwa Belgrade na ile iliyochapishwa Washington hazitafanana, na mtoto anapaswa kujua kwamba tofauti hiyo haikutokana na kosa la mpiga chapa.

Crimea nayo ilihamishwa kutoka Urusi hadi Ukraine mwaka 1954, wakati zote mbili zilikuwa ndani ya nchi moja. Urusi iliitwaa mwaka 2014. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura Machi 27 mwaka huo, nchi 100 zikisema bado ni ya Ukraine, 11 zikipinga na 58 zikijizuia. Kisha Februari 24, 2022 Urusi ikaivamia Ukraine kwa jeshi lake kubwa. Haya hayakuwa maneno ya vitabuni tu. Bei ya unga wa ngano na mafuta ya kupikia ilipopanda hapa kwetu, kila mama aliyekwenda dukani alisoma jiografia ya Ukraine bila kujua.

Siku tatu kabla ya uvamizi huo, balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alizungumza katika Baraza la Usalama. Alikumbusha kwamba hata mipaka yetu Waafrika hatukuichora sisi, bali ilichorwa katika miji ya mbali ya wakoloni, ikakata jamii zetu vipande. Lakini tulipopata uhuru tuliamua kuishi nayo, kwa kuwa kutafuta nchi ya kila kabila kungetuletea vita visivyokoma. Uamuzi huo uliwekwa rasmi na viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo mwaka 1964. Jamhuri za Sovieti nazo zilifanya jambo kama hilo Desemba 21, 1991 huko Alma-Ata, zilipoahidi kuheshimu mipaka iliyopo baina yao. Mmojawapo alipoivunja ahadi hiyo, dunia nzima iliona kilichofuata.

Kijana alinisikiliza, kisha akauliza nililokuwa naliogopa tangu mwanzo. "Mama, Kenya nayo inaweza kufutwa kwenye atlasi?"

Ningeweza kusema hapana, tukalala. Nikamwambia kwamba hakuna nchi iliyoandikwa kwa wino, na kwamba watu wa Yugoslavia pia waliona yao ni ya milele. Nchi hukaa kwa sababu watu wanataka kukaa pamoja na wanatendeana haki ya kutosha ili waendelee kutaka. Hakuridhika sana. Afadhali hivyo kuliko kuridhishwa kwa uongo.

KWA WALE WATAKAOJARIBU

Usiitupe atlasi ya zamani. Iweke kando ya mpya, au kando ya ramani ya simuni, na umwache mtoto atafute tofauti. Anza na anachokipenda, iwe mpira, nyimbo au bendera. Fundisha nchi moja kwa jioni moja, na majirani wake. Usipojua, sema hujui, kisha mtafute pamoja. Hilo nimelijifunza kwa gharama ya heshima yangu.

Stima zilirudi saa tatu usiku. Hakuna aliyekimbilia runinga mara moja. Binti alikuwa amechukua penseli, na chini ya mistari ya babu yake alikuwa akiandika kwa hati ndogo: Slovenia, hapa. Katika ukurasa wa pili: Slovakia, hapa. Mama, usisahau.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.